Kutoka Lami Hadi Mkondo: Istilahi za Njia ya Kwenda Mbwera

Neno istilahi lina udugu na suluhu. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na ndugu zao wengine tunao humu humu Kiswahilini: sulhu, usuluhishi, maslahi. Kwa asili yake, basi, istilahi ni makubaliano. Watu wa kazi moja wamekaa, wameafikiana kwamba kitu hiki kitaitwa hivi, na tangu siku hiyo fundi hamuulizi fundi mwenzake maana. Naipenda asili hiyo kwa sababu inazaa swali ambalo kamati za istilahi hujiuliza kwa nadra: makubaliano haya yalifanywa na nani, na nani hakuitwa barazani?

Swali hilo nalielekeza kwenye barabara, na hasa kwenye njia ya kwenda Mbwera. Mbwera imo ndani ya delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, mahali ambapo mto umekwisha gawanyika mikono kadhaa na nchi imekuwa visiwa vya tope na mikoko. Anayetoka Dar es Salaam huanza kwa basi, hushika lami, huiacha lami, na mara nyingi humalizia safari ndani ya boti. Kila kipande cha safari hiyo kina jina serikalini na kina jina vinywani mwa watu, isipokuwa kipande cha mwisho. Hicho kina majina tele vinywani, na katika daftari la barabara hakina hata moja.

Barabara ni neno la ajabu kidogo. Tunalitumia kama jina, tunalitumia pia kama kielezi: kazi imefanywa barabara, mlango umefungwa barabara, mtoto kaelewa barabara. Mtu akikubaliana nawe kabisa anaweza kukujibu kwa neno hilo peke yake. Wanaofuatilia asili za maneno hulihusisha na Kiajemi na Kihindi, ambako barabar ni sawa, ni usawa, ni kitu kulingana na kingine. Kwa maana hiyo barabara ni njia iliyosawazishwa: vichuguu vimeondolewa, mashimo yamefukiwa, kifusi kimemwagwa na kushindiliwa. Ni neno linalodai ardhi. Huwezi kusawazisha maji; yamejisawazisha yenyewe.

Njia ni neno la zamani zaidi, na ni letu toka shina. Wanyarwanda wana inzira, Wakongo wana nzila, Wagikuyu wana njĩra, Wazulu wana indlela. Waliotembea kutoka misituni hadi pwani miaka elfu kadhaa iliyopita walitembea nalo. Njia haiulizi imepita juu ya nini. Kuna njia ya ng'ombe, njia ya siafu, njia ya maji, njia ya mkato. Hata ndani ya mwili wa binadamu madaktari wetu hawakupata shida kusema njia ya hewa na njia ya mkojo. Serikali ilipohitaji neno la kuandikia sheria na bajeti ilichukua barabara, ikaiacha njia. Sidhani kama kuna aliyekusudia ubaya. Lakini uchaguzi huo ulikwisha kuamua ni wapi fedha zitaishia.

Sasa tuishike Barabara ya Kilwa. Huanza Dar es Salaam karibu na bandari, ikapita Mtoni na Mbagala, ikafika Kongowe, kisha Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti na Ikwiriri. Ikavuka mto Rufiji, ikaendelea Nyamwage, Somanga, Nangurukuru na Lindi. Desturi ya Dar es Salaam ilikuwa kuiita barabara kwa mwisho wake: ya Kilwa, ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Pugu. Barabara ya Pugu sasa ni ya Nyerere, na sehemu ya ile ya Bagamoyo imepewa jina la Ali Hassan Mwinyi. Ya Kilwa imebaki na jina la mji ule wa kale ambao haiufikii moja kwa moja, kwa sababu ukifika Nangurukuru ni lazima ukate kushoto kuelekea Kilwa Masoko. Jina hilo lina heshima ya historia ndani yake, na natamani lisije likabadilishwa.

Katika orodha ya serikali barabara hiyo ni T7. Herufi ile inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya shina la mti. Waingereza waliiona nchi kama mti, barabara kubwa ikiwa shina na nyingine zikiwa matawi. Waswahili hawakulifuata shina. Walisema barabara kuu, kama wanavyosema mkuu wa wilaya, sikukuu na mlango mkuu. Nadhani walichagua vizuri. Shina linakufanya uulize matawi yako wapi. Ukuu unakufanya uulize mdogo ni nani na anatunzwa vipi.

Jibu limo katika Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Barabara za kitaifa ni za aina mbili, barabara kuu na barabara za mkoa, nazo ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000. Chini ya hizo kuna barabara za wilaya, ambazo tangu mwaka 2017 zimekuwa mikononi mwa TARURA. Hizi nazo zimegawanywa: kuna za mkusanyo, kuna za mlisho, ambazo nyaraka nyingine huziita za mjazio, na kuna za jamii. Nitarudi kwenye mkusanyo na mlisho, maana maneno hayo mawili yamebeba siri.

Kwanza tusimame Kibiti mjini, kwa sababu hapo barabara kuu hubadilika tabia bila kubadilika jina. Kwa umbali mfupi tu, kati ya kibao cha 50 na kibao kinachoifuta 50, ile T7 inakuwa mtaa. Malori yanayokwenda Mtwara na mabasi yanayorudi Dar es Salaam hupita palepale ambapo bodaboda wamepanga pikipiki zao, mama lishe ameinjika sufuria, na watoto wa shule wanavuka. Sheria haina aina ya barabara iitwayo barabara kuu iliyogeuka mtaa. Watu wanayo istilahi yao, na ni namba: hamsini. Dereva humwambia mwenzake, hapo mbele kuna hamsini, na anayesikia anaelewa kijiji, watoto, matuta, na trafiki mwenye tochi. Tochi si ya kumulika. Ni kile kifaa cha kupima mwendo. Sikumbuki kamati yoyote ikikaa kuliteua neno hilo, na bado kutoka Mbagala hadi Mtwara hakuna dereva asiyelijua. Hayo ndiyo makubaliano ninayoyasema.

Vilevile wenyeji hawasemi T7, wala barabara kuu hawaisemi sana. Wanasema lami. Nyumba yake iko lami. Panda mpaka lami utapata gari. Kitu kilichopakwa juu ya barabara kimekuwa barabara yenyewe, na kisichopakwa kimekuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mainjinia wanasema tabaka la lami, changarawe na udongo. Mkazi wa Kibiti anasema lami, vumbi, tope, na katika maneno matatu amekupa aina ya barabara, majira ya mwaka na nauli utakayotozwa. Tuta nalo lina maana ambayo mkulima wa Rufiji aliijua kabla dereva hajazaliwa, la viazi. Mtaro, bega la barabara, kalavati, njia panda: haya yote yameingia bila kelele, mengine kwa kukopa, mengine kwa kuazima mwili wa mtu.

Neno moja halikuingia bila kelele, nalo ni hifadhi. Sheria ile ya 2007 na kanuni zake ziliipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande toka katikati, kutoka mita 22.5 za zamani. Aliyejenga kwa kufuata mita 22.5 akaamka siku moja yumo ndani. Ndipo ukutani zikaja alama za X, nyekundu kwa aliyeingia katika hifadhi ya zamani, ambaye hana fidia, na kijani kwa aliyefuatwa na hifadhi mpya, ambaye anangoja kulipwa. Hifadhi ni neno zuri, lina ulinzi ndani yake, na tunalitumia kwa wanyama na misitu. Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi pia. Kwa hiyo mtu wa Mbwera mwenye kibanda cha biashara Kibiti huishi kati ya hifadhi mbili: akiwa kwao haruhusiwi kukata mkoko ovyo, akija mjini haruhusiwi kuegesha meza karibu na lami. Zote mbili zinamwambia asogee. Na ile njia ambayo yeye angependa ihifadhiwe, mkondo anaopitia kila wiki, haina hifadhi ya mita hata moja.

Kusini mwa Kibiti na Ikwiriri barabara inakutana na mto, na hapo tunapata neno ninalolipenda kuliko yote katika safari hii: kivuko. Kwa watu wa zamani kidogo, Ndundu, hapo ukingoni mwa mto, ni pantoni. Kabla ya daraja, lami ama vumbi liliishia ukingoni, na magari yalisubiri zamu kuvushwa. Mafuriko yakija, pantoni inasimama, na mikoa ya Lindi na Mtwara inakatika na Dar es Salaam. Wasafiri walilala pale, walipika pale. Pantoni ni neno la kukopa, kivuko ni letu, na vyote viwili vimeendelea kuishi pamoja. Lakini angalia upana wa kivuko. Ni mahali pa kuvukia mto, ni chombo cha kuvushia, na leo mjini ni ile mistari myeupe ya pundamilia anapovukia mwenye miguu. Neno moja limeunganisha maji na lami bila kuona tatizo. Mtoto anayevuka barabara Kibiti na mzee aliyevuka Ndundu wametumia kitu kimoja.

Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, kwa msaada mkubwa wa mikopo ya Kuwait na ya mfuko wa OPEC. Kwa Kusini lilikuwa jambo kubwa mno. Lililobaki, zile kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga, lilichukua miaka mingi zaidi kupata lami. Hata hivyo maji hayakusahau njia yake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua zilizokuja nacho ziliikata barabara eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa msamiati wa pantoni ukarudi midomoni: kukatika, kukwama, kuvushwa, kusubiri.

Mbwera haiko kwenye lami hii. Ziko njia mbili za kuifikia. Moja ni ya upande wa Muhoro, kusini mwa mto, mji mdogo ambao Wajerumani waliufanya kituo chao cha utawala na ambako Agosti 1905 walimnyonga Kinjekitile Ngwale, katika siku za mwanzo za vita vya Maji Maji. Njia ya huko hupita katika ardhi ya tope linaloshika gurudumu, ikapita Mbuchi, ambako TARURA imejenga daraja. Sitaki kulipuuza daraja hilo. Kwa mwenye mgonjwa, daraja ni daraja.

Njia ya pili ni ya maji. Kaskazini, pale Bungu, kuna barabara ya mkoa inayoiacha lami na kuteremka kilomita arobaini na kitu hadi Nyamisati. Nyamisati kuna gati la serikali, na meli ya abiria ya kwenda Kilindoni, Mafia, hufunga pale. Gati ni neno lenye utu uzima, yaelekea limetoka Uhindini, ambako ghat ni ngazi za kushukia majini. Mbele ya gati hilo istilahi za barabara huisha ghafla.

Si kwamba serikali haina neno lolote la kusemea huko mbele. Inalo moja, bandari bubu. Kila mahali chombo kinaposhusha watu na mizigo pasipo forodha wala ofisi huitwa hivyo, na neno hilo huja na operesheni, magendo, na onyo. Naelewa kwa nini maofisa wa ushuru walilihitaji. Lakini katika delta nzima karibu kila kijiji kinashukia mahali pa namna hiyo. Wenyeji hupaita diko, au bandarini tu. Ni mahali ambapo mpunga hupakiwa, samaki hushushwa, bibi harusi hupokewa na maiti huteremshwa kwenda kuzikwa kwao. Mahali penye kelele za uhai kiasi hicho tumepaita bubu kwa sababu hapana karani. Kama kuna istilahi moja ya usafiri ningependa kuiona ikifutwa, ni hii. Diko lipo, linatosha, na halimtuhumu mtu.

Sasa tuingie majini, maana huko ndiko utajiri wa maneno uliko. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika, na kila mkono hutokea baharini kwa mlango wake: Kikunja, Simba Uranga, Msala na mingine. Mlango wa mto, kwa Kiswahili, ni mahali pa kuingilia na pa kutokea, si mdomo kama walivyoona mataifa mengine. Ndani ya mlango kuna mkondo, yaani sehemu yenye kina ambayo maji hukimbia. Pembeni kuna vijito vinavyojaa na kukauka. Kuna fungu, mchanga uliolala chini ya maji ukisubiri chombo. Kuna kupwa na kujaa, mara mbili kwa siku. Kuna bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa kupita kiasi na kukauka kupita kiasi. Na kuna maji mafu, siku za katikati, bahari inapopanda na kushuka kwa uvivu. Na kuna neno ambalo sijaona lugha ya barabara ikiwa na mwenzake: kupwelewa. Aliyepwelewa hakukosea njia. Njia ndiyo imeondoka chini yake. Chombo kimekaa juu ya tope, na lililobaki ni kungoja maji yarudi, saa tano, saa sita.

Hebu tazama usahihi uliomo humo. Nahodha wa delta hahitaji kuambiwa mkondo fulani ni wa daraja gani. Anajua huu unapitika wakati wote, huu unapitika maji yakiwa nusu, huu ni wa bamvua tu, na huu ni wa mtumbwi na pondo hata maji yajae vipi. Huo ni mfumo kamili wa uainishaji, una vigezo, unapimika. Na si mara ya kwanza delta kutoa mfumo wa namna hiyo. Wakataji na wafanyabiashara wa mikoko walikuwa na daraja zao za miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliyopakia boriti za Rufiji kupeleka Uarabuni, ambako nyumba zilijengwa kwa upana wa vyumba unaolingana na urefu wa boriti, yalifanya biashara kwa maneno hayo, na mnunuzi wa ng'ambo na mkataji wa delta walielewana. Makubaliano hayo yalidumu karne nyingi bila sheria ya bunge, kwa sababu wahusika wote walikuwepo yalipofanywa.

Waliokosa maneno hayo walipata tabu. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta, na meli kubwa za Waingereza zikabaki nje ya milango zikiilinda, kwa kuwa hazikuweza kuingia. Iliwabidi wasubiri hadi vyombo viwili visivyozama sana, Severn na Mersey, vilipoletwa kutoka Ulaya. Vilikuwa vimejengwa awali kwa ajili ya Brazili, kwa mito ya huko. Vikaingia Julai 1915, na tarehe 11 mwezi huo Königsberg ikamalizwa. Vita vizima vya miezi ile vilikuwa swali moja ambalo mvuvi yeyote wa pale angeweza kulijibu: mkondo gani, na maji saa ngapi.

Narudi sasa kwenye mkusanyo na mlisho. Barabara ya mlisho huilisha ile ya mkusanyo, ya mkusanyo hukusanya na kuipelekea ya mkoa, ya mkoa huimwagia barabara kuu. Soma tena sentensi hiyo. Ni mto. Wahandisi wa dunia walipotafuta picha ya kueleza jinsi magari yanavyotoka vijijini kwenda mijini, walichukua vijito vinavyoulisha mto. Kiswahili kikafasiri, na picha ikabaki. Lakini picha hiyo ni ya mto wa bara, wa kule Kilombero na Ruaha, ambako maji hukutana. Kwenye delta mto hufanya kinyume. Haukusanyi tena, unagawa. Kila mkono unazaa mikono, na Mbwera imekaa katika mgawanyo huo. Ndiyo maana ramani ya barabara haiwezi kuiona vizuri hata ikikaza macho. Mfumo umejengwa ukiamini kwamba kila kijiji kiko kwenye ncha ya uzi mmoja unaoelekea mjini, ilhali kijiji cha delta kina nyuzi tano, na iliyo bora leo asubuhi siyo iliyo bora leo jioni.

Kwamba jambo hili linawezekana kuandikwa katika sheria, wapo walioonyesha. Jimbo la Alaska, Marekani, ambalo miji yake kadhaa haifikiki kwa gari, limeendesha feri zake tangu mwaka 1963 chini ya jina linalosema wazi kuwa hiyo ni barabara kuu ya baharini, na zinahesabiwa hivyo zinapogawiwa fedha. Uhindi, kwa sheria ya mwaka 2016, ilitangaza njia za maji 111 kuwa za kitaifa, neno lilelile linalotumika kwa barabara zake kubwa. Norway kivuko cha magari kwenye barabara ya taifa ni sehemu ya barabara hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechanganyikiwa akadhani maji ni lami. Walichofanya ni kukubaliana kwamba kinachofanya kitu kiwe barabara ya umma ni umma unaopita, wala si udongo ulio chini.

Kwetu kuna sababu moja zaidi, na hii inanigusa kuliko zote. Matengenezo ya barabara Tanzania hulipiwa kwa kiasi kikubwa na Mfuko wa Barabara, na mfuko huo hupata fedha zake kwa tozo iliyomo katika bei ya petroli na dizeli. Boti ya kwenda Mbwera inakwenda kwa petroli. Nahodha anaponunua dumu Kibiti au Nyamisati analipa tozo ya barabara kama anavyolipa mwenye basi. Kila safari ya mkondoni inachangia kuziba mashimo ya lami. Na mkondo wenyewe ukizibwa na gogo, au fungu likisogea, au nguzo ya kuonyesha kina ikianguka, hakuna kifungu cha bajeti chenye jina lake. Hakuna jina, hakuna kifungu. Hapo istilahi si pambo la kamusi. Ni bomba la fedha, limefunguliwa upande mmoja.

Chukua pia maneno tunayoyaona katika taarifa za afya na elimu: umbali kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Ni kipimo cha haki kwa kijiji cha bara, ambacho adui yake ni masika. Kwa Mbwera kipimo hicho hakisemi kitu. Mkondo unapitika mwaka mzima, na kila siku kuna saa haupitiki. Mama aliyeshikwa na uchungu maji yakiwa yanapwa haokolewi na neno mwaka. Anahitaji mtu aliyejua mapema kwamba leo ni maji mafu, kijito cha karibu hakitajaa vya kutosha, na boti ilale upande wa mkondo mkubwa tangu jana. Ujuzi huo upo kijijini. Haujawahi kupewa safu katika fomu.

Kwa hiyo ninapendekeza maneno, na ningefurahi BAKITA na wizara inayohusika na ujenzi wayapokee, wayakosoe, wayapime. Njia za umma liwe jina la jumla, juu ya barabara na mikondo. Chini yake, kwa upande wa maji: mkondo mkuu, unaopitika maji yote, mkondo wa mgawanyo, unaopitika kuanzia maji nusu, na kijito cha bamvua. Upitikaji wa mwaka mzima ubaki kwa ardhi, na kwa maji kuwe na saa za maji. Diko liandikwe diko, na lihesabiwe kama stendi inavyohesabiwa. Hakuna hata neno moja hapo lililobuniwa mezani. Yote yamo midomoni tayari, yanangoja kuandikwa tu. Delta yenyewe ni herufi ya Kigiriki iliyokuja kwa vitabu vya jiografia, na leo mtu wa Kibiti anasema anakwenda Delta kama anavyosema anakwenda Mafia. Lugha iliyoweza kuimeza delta haitashindwa kuurasimisha mkondo.

Kidahizo cha kwanza nakiandika hivi. Mkondo wa mgawanyo: njia ya umma ya maji iliyo ndani ya delta, inayounganisha diko la kijiji na mkondo mkuu au gati, yenye hifadhi iliyowekwa alama na inayotunzwa kwa fedha za Mfuko wa Barabara, upitikaji wake hupimwa kwa saa za maji, katika bamvua na katika maji mafu. Upana wa hifadhi nimeuacha wazi makusudi. Huo waseme manahodha wa Mbwera, Msala na Maparoni, kwa kuwa wao ndio wanaopishana humo, na ndio wanaojua boti mbili zenye mizigo zinahitaji nafasi gani maji yanapokimbia.